Chuo Alichokitaka Baba Celine

Jirani zangu wa Laini Saba, na ninyi mliohamia Kawangware mkatuacha, naomba mnisikilize. Haya yalitokea mlango wa pili kutoka kwangu, na nawaambia mapema kwamba mimi pia nilichangia.

Jumapili moja baada ya ibada tulikaa nje ya nyumba ya Nashon Ojwang, fundi wa makochi. Mkewe, Rosebella, alikuwa amepika omena kwa nyanya nyingi, kila mtu na sahani yake mapajani. Binti yao Celine alikuwa amepata A minus kwenye mtihani wa kidato cha nne, na ploti nzima ilifurahi kana kwamba sote tumefaulu. Watoto walimwita daktari. Yeye alicheka, akawaambia wangoje kwanza.

Alikuwa na daftari mkononi. Kwa wiki mbili alikuwa ameandika vyuo vikuu sita vinavyofundisha udaktari, na kando ya kila jina pointi za mtu wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuomba chuo kikuu, kwa hivyo alijitafutia mwenyewe.

"Baba, ukiangalia pointi za mwaka jana, hiki kikubwa cha hapa mjini nimekikosa kidogo," alisema. "Nitakiweka, lakini niweke na hivi vingine. Wanaruhusu machaguo sita."

Nashon aliweka kidole kwenye jina moja. "Hiki kiko wapi?"

"Upande wa Magharibi."

"Na nani anakijua?" Akasukuma daftari kando. "Nimeshawaambia wateja wangu wa mtaa wa Highrise, watu wenye pesa zao, kwamba unaenda pale mtoto wao anaposoma. Kanisani pia nimetangaza. Weka hicho kimoja tu. Ukijaza vingine wataona hata wewe mwenyewe hujiamini."

Celine akaniangalia mimi, kama anayeomba msaada. Nami nilisema nini? Nilisema, "Sikiza baba yako. Daktari wa chuo cha huko ndani atanitibu mimi?" Watu wakacheka. Jirani zangu, kicheko kile bado kinaniuma.

Kesho yake walienda kwa Kiarie, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti. Kiarie aliuliza mara mbili, "Hizi nafasi tano mnaziacha wazi?" Nashon, amesimama nyuma ya kiti cha bintiye, akasema ziachwe. Celine akabonyeza kitufe cha kutuma.

Majibu yalipotoka, jina lake halikuwepo. Nashon alilaumu kompyuta, akalaumu serikali, na siku ya tatu akamgeukia mtoto. "Ungeongeza bidii kidogo tu," alimwambia.

Nilimwona Celine akitoka nje baada ya maneno hayo. Watoto wakamwita daktari kama kawaida, naye akawaomba, kwa upole kabisa, wasimwite hivyo tena. Wiki hiyo hakushika kitabu. Alikaa kwenye karakana ya baba yake akijaza sponji kwenye viti.

Rosebella ndiye aliyemkabili mumewe. "Baba Celine, mtoto alikuonyesha pointi, wewe ukamwonyesha watu wa Highrise. Leo hao watu wako wapi?"

Asubuhi iliyofuata Celine alifunga nguo zake akaenda Kawangware, kwa dada ya mamake, Sella, ambaye ni nesi wa kliniki ndogo kule Kabiro.

Zilipita siku kumi. Nashon akaja kwangu kuniomba nimsindikize kumrudisha binti, maana yeye humwogopa Sella. Tulipofika tuliwakuta mezani, simu imewekwa spika. Walikuwa wanaongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kile cha Magharibi, mtoto wa mgonjwa mmoja wa Sella.

"Aunty, sitakudanganya," kijana alikuwa anasema. "Maji huku hupotea sana. Lakini wodini tuko wachache, kila mtu anamshika mgonjwa kwa mikono yake. Hakuna kusimama nyuma ukinyoosha shingo."

Simu ilipokatwa, Nashon akasema, "Kwa hivyo mmeamua kumtafutia mtoto wangu chuo cha mwisho."

"Keti, shemeji," Sella akamwambia. "Ile mashine ya karakana ilipokukata kidole, nani alikishona?"

"Daktari."

"Alisomea wapi?"

"Sijui."

"Hukumwuliza?"

"Nilikuwa natokwa na damu, Sella."

"Basi."

Nashon alikiangalia kidole chake.

"Sisemi achukue chochote," Sella akaendelea. "Kimoja tumekifuta kwa sababu kozi yake haiko kwenye orodha ya baraza la madaktari. Hilo ndilo la kuuliza kwanza. Na dirisha la pili la kutuma maombi limefunguliwa juzi, kwa wale waliokosa."

Nashon akavuta kiti karibu na Celine. "Nionyeshe tena lile daftari. Anza mwanzo." Celine akamweleza, ukurasa kwa ukurasa, na safari hii baba aliuliza maswali ya mtu anayetaka kujua. Mwishoni akasema, "Nilikukosea. Jaza unavyoona wewe."

Celine akasema, "Sawa, baba. Lakini uje tukijaza. Nataka uone."

Chuo kikubwa cha mjini kilikuwa kimejaa. Alijaza vingine vinne vya udaktari, na cha tano akaweka uuguzi, ili asibaki nyumbani. Akapata chaguo lake la pili, kule kwenye shida ya maji. Sasa amemaliza mwaka wa kwanza, na akija likizo watoto wanamwita daktari naye anaitika.

Mwezi uliopita mteja wa Highrise alimwuliza Nashon, mbele yangu, "Chuo gani hicho? Sijawahi kukisikia."

Nashon aliendelea kupiga misumari. "Hata mimi nilikuwa sijakisikia," alisema. "Binti yangu ndiye aliyenifundisha."

FUNZO

Wazazi wenzangu, tamaa ya sifa ilikaribia kumnyima Celine udaktari, na haikuwa tamaa yake, ilikuwa yetu. Mtoto akileta orodha ya vyuo, ulizeni kama kozi inatambuliwa, kama pointi zake zinafika, na kama atapata wagonjwa wa kujifunzia. Jazeni nafasi zote mlizopewa. Nanyi vijana mliokosa mara ya kwanza, jaribuni dirisha la pili kabla ya kukata tamaa.

Na sisi majirani, tuliokaa pale tukila omena ya watu, tuchunge tunachokicheka. Celine nilishamwomba msamaha. Alinisamehe, akaniambia binti yangu Joan akimaliza kidato cha nne nimtume kwake na daftari, waandike vyuo pamoja.