Miiba ya Kaburini Nyumbani kwa Bakoly

Mtoto wa Bakoly alianza kunuka hariri ya sanda. Akaogeshwa, akapakwa mafuta, akanuka vilevile.

Bakoly akasema ni wivu wa majirani wa mji wa Antsirabe. Wamwonee wivu kwa lipi, kwa masufuria mawili na jogoo kiguru? Mwenyewe alitaka nyumba izungukwe na maua mekundu kama ya matajiri. Kununua miche hataki. Kabla harufu haijaanza, alikwenda kukata songosongo, mmea wa miiba wenye maua mekundu, kwenye ua wa kaburi la ukoo wa mumewe, mikono mitupu, utomvu mweupe ukimchuruzika hadi viwikoni.

"Glavu iko wapi, mkwe wangu?" mama mkwe, Bi Razanany, alimwuliza.

"Kwani nazalisha, mama?"

"Basi usijiguse macho. Na miche ya kupanda huoshwa mpaka utomvu ukome, ikaanikwa kivulini kidonda cha kukatwa kikauke, ndipo ikatiwa mchangani. Hiyo ni ya sokoni. Hii irudishe. Ule ua ndio unaomwonyesha marehemu bibi ya mumeo kwake ni wapi."

"Marehemu haoni, mama."

Akajifuta jasho. Jicho likaumuka kama andazi, na mtaa mzima ukapita kuja kumpa pole, yaani kutazama.

Akaipanda kuzunguka nyumba, miche ikashika. Ncha mbili za ua zilipokutana nyuma ya nyumba, mchana kweupe, ukutani kukasikika mkwaruzo, kama kucha zinazopima upana wa chumba, kisha kitanda cha mtoto kikaanza kubembea chenyewe, polepole, kwa mkono wa mtu aliyelea wengi, na Bakoly alipoinama kumchukua mwanawe akamkuta mzito kama bamba la jiwe, akavuta, akavuta tena, mtoto hainuki, na anatabasamu.

"Solofo," akamnong'oneza mumewe, "ing'oe ile miiba."

"Ing'oe wewe. Mimi macho yangu nayapenda."

Akaing'oa, safari hii kwa glavu. Bi Razanany akairudisha kaburini, akamwaga ramu, akaomba radhi. Mtoto akawa mwepesi.

Ila Bakoly hasikii. Mche mmoja ulikuwa umechanua, akamficha mama mkwe, akautia kwenye kopo ili wageni wauone.

Jumapili wageni wakaja. Akampakata mwanawe, kichanga kisicho na jino. Mtoto akazungusha macho chumba kizima, akakunja pua.

"Miiba umepanda vizuri, mke wa mjukuu wangu," akasema, sauti kavu ya kikongwe. "Lakini kuta za udongo? Kule nilikotoka ni mawe matupu. Haya, tutakaa hivyo hivyo."