Sifuri Iliyochachisha Maziwa

Kila likizo Gaudensia huhamia kwa shangazi yake Matrida, pale Mukendo mjini Musoma. Asubuhi anafagia ofisi, anachemsha chai ya maziwa, halafu anaketi mbele ya kompyuta mpaka aitwe kula. Shangazi ni mtunzi wa programu za kompyuta, tena mkali, na tangu binti huyo aingie kidato cha kwanza amekuwa akimfundisha lugha ya programu iitwayo Go.

Likizo hii walikuwa na kazi ya kituo cha maziwa cha kijiji kimoja huko Butiama. Wafugaji hupeleka maziwa ya jioni kwenye tanki la kupozea, na asubuhi gari huyachukua. Programu ilitakiwa kusoma kipimajoto cha tanki na kumtumia Keraryo, mlinzi wa tanki, ujumbe wa simu. Gaudensia alipewa sehemu ya kusoma joto. Alijivuna huyo!

Katika Go, kipande cha programu kikiulizwa jambo kama hilo hurudisha majibu mawili. La kwanza ni joto lenyewe, la pili ni kosa, kama lipo. Kipimajoto kisiposomeka, jibu la kwanza kwa kawaida huwa sifuri, na sifuri hiyo haina maana yoyote. Ndiyo maana kosa huangaliwa kwanza. Gaudensia alilijua hilo vizuri, ila siku hiyo alikuwa na haraka ya kwenda kusukwa kwa rafiki yake Stellah. Go ilipomkatalia, kwa kuwa alikuwa ameandika jina la kosa bila kulitumia, aliweka kistari cha chini mahali pake. Hiyo ndiyo alama ya kulitupa jibu usilolitaka. Programu ikakubali, naye akaenda zake.

Haikupita wiki, maziwa ya kituo kizima yakachacha. Panya walikuwa wametafuna nyaya za tanki, mashine ya kupoza na kipimajoto vikazimika pamoja. Simu ya Keraryo ikaendelea kuleta ujumbe uleule: joto sifuri. Akaona tanki ni baridi kabisa, akatulia. Asubuhi wanawake walimwaga maziwa yao huku wengine wakilia. Mzee Burito, mwenyekiti wa kituo, akampigia simu Matrida kumweleza kwamba mchana huo wanakaa kikao cha kumfukuza Keraryo. Kwa maoni yake, mlinzi alilala fofofo na sasa anaisingizia simu.

Gaudensia alisikia yote. Alifungua programu, akakiona kile kistari. Hakuna mwingine aliyekuwa amekiona, na angeweza kukifuta kimyakimya. Lakini Keraryo ana watoto wadogo, na roho ilimuuma sana.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Kosa lilikuja, nikalitupa."

Matrida alisubiri kikao kianze. Kisha akampigia Mzee Burito, akamwomba aweke simu sauti ya juu, akamsogezea Gaudensia simu ajisemee mwenyewe.

Gaudensia aliongea kwa sauti ndogo, lakini aliongea. Alieleza kwamba kipimajoto hakikusema tanki ni baridi. Programu yake ndiyo iliyodanganya. Upande wa pili ikasikika sauti ya Keraryo.

"Nimewaambia tangu asubuhi. Mimi ujumbe nasomaga wote."

Mzee Burito alikohoa, akasema Keraryo anabaki kazini, fundi aunge nyaya, na programu irekebishwe kabla maziwa ya jioni hayajaingia.

Ikarekebishwa. Gaudensia aliandika ule mstari ambao watu wa Go huuandika mpaka wakauota: if err != nil. Yaani kosa likiwepo, simama hapo hapo, lirudishe kwa aliyekuuliza, na useme ulikuwa unafanya nini lilipotokea. Sasa kipimajoto kikigoma, ujumbe unasema: "Joto la tanki halijulikani. Nenda kaangalie."

Jioni shangazi alimmiminia chai.

"Ukiulizwa habari za nyumbani unajibuje?"

"Nzuri."

"Hata mama yako akiwa anaumwa?"

"Nasema nzuri, ila mama anaumwa."

"Basi habari yenyewe iko kwenye hiyo 'ila'. Anayesikia 'nzuri' akaondoka, hajajua kitu. Leo umewaambia watu wazima 'ila' yako bila kuificha, na mtu amebaki na kazi yake. Ukikosea tena, na utakosea, fanya hivyo hivyo. Ila usingoje maziwa yamwagwe."