Mkufu Uliomeza Sauti

Mbunge wa zamani alikuwa akiapa kwamba hajawahi kula rushwa hata ya soda, mara sauti yake ikakatika. Midomo iliendelea kuchezacheza na mishipa ya shingo ikamtoka, lakini ukumbi mzima wa jimbo la Mbugani haukusikia kitu. Mkufu shingoni mwake ulikuwa umewaka taa nyekundu. Watu wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Aliyecheka kwa raha kuliko wote alikuwa Mhandisi Tumpale Mwasenga, safu ya mbele, kwa sababu mkufu ule ulikuwa kazi ya mikono yake. Kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara katika Shirikisho alivishwa mlangoni. Ndani yake mlikuwa na kizimasauti, kidude kidogo kuliko punje ya mtama, kilichoyaua mawimbi ya sauti ya mvaaji kabla hayajafika masikioni mwa watu. Msema kweli aliwaka kijani, akasikika. Mwongo alimezwa sauti, mkufu ukajifunga, asisikike tena wala usifunguke mpaka atamke kweli ya jambo lile lile alilolidanganyia. Kifungu hicho Tumpale alikipigania mwenyewe bungeni. Njia ya mwongo ni fupi, aliwaambia wabunge, na mimi nitaiziba kabisa.

Na kweli ilijulikanaje? Hiyo ilikuwa kazi ya mtambo mkuu, Mpimakauli, uliokaa nyuma ya ukuta wa kioo pembeni mwa jukwaa. Ulisikiliza yaliyosemwa katika majimbo yote, ukawapima wanaosema hivi na wanaosema vile, ukampa kila msemaji uzito kwa kadiri ya ujuzi wake. Wengi wape, walisema wahenga, na Tumpale akaichukua methali akaifanya mtambo. Wahenga walisema tuwape tu. Hawakusema kwamba wengi hawakosei.

Akapanda jukwaani Hezroni Malugu, mgombea urais wa Chama cha Mkuki. Nyuma yake alikuwa ameketi Gavana wa Mbugani, Nyamizi Luhende, mwanachama wa Mkuki kama yeye, na shoga wa Tumpale tangu walipokaa dawati moja shuleni. Lakini Nyamizi alikuwa amejitanda bluu ya wapinzani wao, Chama cha Chemchemi. Huko Mbugani, arithiye kiti cha marehemu huvaa rangi ya marehemu mpaka mvua ya kwanza inyeshe baada ya msiba, hata kama walikuwa mahasimu. Gavana aliyetangulia, mtu wa Chemchemi, alifia madarakani, Nyamizi akashinda uchaguzi mdogo, na mvua ya mwaka huo ilikuwa imegoma. Malugu, mtoto wa mji mkuu, aliona bluu kwenye picha akajimalizia mengine kichwani. Kuuliza si ujinga, lakini wagombea hawana muda wa kuuliza.

“Ndugu zangu wa Mbugani!” alinguruma. “Mnajua kwa nini visima vyenu vimekauka? Ni kwa sababu jimbo hili linatawaliwa na Chemchemi!”

Tumpale akatabasamu, akingoja kimya. Kimya hakikuja. Taa ya Malugu iliwaka kijani kibichi kama jani la mgomba, na sauti yake ikavuma hadi nje.

Ndipo Tumpale alipoelewa. Malugu alikuwa amelisema neno hilo katika kila jimbo alilopita, na huko, watu wasioijua Mbugani walilirudia sokoni na vijiweni. Walikuwa wengi. Mtambo uliwapa.

Nyamizi akainuka kwa adabu. “Samahani, Mheshimiwa. Mimi ni wa Mkuki. Hili ni jimbo la chama chako mwe...”

Sauti ikakatika. Nyekundu. Mkufu ukajifunga kwa mlio mdogo, na watu, waliozoea kuiamini taa kuliko macho yao, wakacheka kicheko kile kile cha mwanzo. Askari wawili wakasogea, maana amejitaja wa Mkuki, na kwa sheria, anayekalia kiti cha chama kingine ni mnyang'anyi. Huvuliwa cheo na kwenda mahabusu.

Tumpale akasimama. “Mtambo umekosea! Jimbo hili ni la...”

Aliisikia sauti ikimtetemesha kifuani, lakini masikio hayakupata kitu. Chuma kikambana shingo.

“Hee! Kumbe hata mwenye mkufu ni mwongo,” alisema mama aliyekaa kando yake. “Tumekwisha.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tumpale aliutazama mlango wa kioo wa Mpimakauli. Ulifunguka kwa sauti yake peke yake, na sauti yake ilikuwa imefungwa. Nitadanganya mara moja tu, akawaza, niingie ndani nikairudishe kweli. Huo ndio uliokuwa mpango wake, na haukuwa mbaya. Ila tusifichane: aliogopa pia. Jukwaani Nyamizi, aliyemjua toka utotoni, alikuwa akimtikisia kichwa polepole.

“Jimbo la Mbugani linatawaliwa na Chemchemi,” Tumpale alisema.

Neno likatoka safi. Mkufu ukafunguka, akauvua. Akakimbia, akajitaja jina mlangoni, akaingia.

“Futa kauli ya Malugu! Gavana wa Mbugani ni wa Mkuki!”

“Shikamoo, Mhandisi,” mtambo ulijibu kwa adabu aliyoufundisha mwenyewe. “Mpaka sasa nilikuwa na shaka, maana wenyeji walikuwa wakinong'ona vingine. Lakini wewe ndiye shahidi mwenye uzito kuliko wote, na umeshuhudia hadharani. Shaka imekwisha. Nimelifunga jambo hili.”

“Nilisema uongo!”

“Haiwezekani. Taa yako iliwaka kijani.”

Akapiga kioo kwa viganja. Upande wa pili, askari walikuwa wamemshika Nyamizi mikono. Wakamuuliza, kama sheria inavyotaka, iwapo ana neno la mwisho, maana kwa neno hilo moja hata mkufu uliofungwa huiachia sauti ikiwa ni kweli. Nyamizi hakumtazama Malugu wala umati. Aliugeukia ukuta wa kioo.

“Tumpale alikuwa rafiki yangu,” alisema.

Mkufu haukufunguka, lakini taa iliwaka kijani, na sauti yake ikasikika ukumbi mzima.