Mlango Uliobaki Picha

Mwenzangu huyu hutengeneza michezo ya kompyuta, na si mtu wa porojo. Hata jini akimtokea, atamuuliza kwanza nani alimwandikia programu. Lakini siku hizi haingii chumba cha sauti peke yake.

Alipewa kazi ya kuhakikisha maamuzi ya mchezaji katika mchezo wa kwanza yanahamia kwenye wa pili. Yalikuwa mengi mno, yeye na wenzake wakayapunguza. Mlango wa ghala, pale ulipochagua kumfungulia bawabu aliyefungiwa au kumwacha ndani, wakaugeuza picha tu ukutani.

Ili kujaribu, akaingiza katika mchezo wa pili maamuzi ya mchezo wa zamani aliocheza na marehemu kaka yake. Enzi hizo yeye alibonyeza, kaka akaamua kwa kugonga meza kwa ukucha: mara moja, fungua, mara mbili, achana naye. Ilipofika zamu ya bawabu, kaka aligonga mara mbili.

Akaingia chumba cha sauti, akazima taa, akavaa hedifoni, akapita ghalani mchezoni.

Ko.

Akasimama kusikiliza.

Ko.

Akamwita fundi sauti. "Fundi, mlango wa ghala umeuwekea mlio?"

"Mlio wa nini, na ile ni picha? Si wewe mwenyewe uliyesema tuufute?"

Fundi akazivaa hedifoni. Akazivua taratibu, akachomoa waya, akazima spika zote mle ndani.

Giza likatulia. Nyuma ya ule mlango wa picha kwenye skrini, ukucha ukagonga tena, mara moja.