Jiwe Lililoyeyuka Kwenye Beseni

"Jiwe liko wapi?" Mkurugenzi aliuliza kwa mara ya tatu.

Fundi alikuwa ameinamia beseni, mikono yote miwili majini, anapapasa. Alichokitoa kilikuwa kipande kidogo kama punje ya hindi, nacho kikamteleza vidoleni na kuzama tena.

"Fundi, nakuuliza wewe! Lile jiwe la kuazima, kubwa kama ngumi, liko wapi?"

"Limeyeyuka, Mama."

"Toka lini jiwe likayeyuka?"

"Lilikuwa chumvi ya mawe, Mama. Nilililoweka tangu jana."

Pale mlangoni Bi Kadi alikuwa amesimama, anasikia yote. Hilo Bi Kadi ni jina la utani, kwa sababu ndiye aliyeandika kadi za maelezo za kila jiwe kwenye jumba lile la makumbusho. Alijua, kama alivyojua hata mlinzi wa getini, kwamba chumvi ya mawe haioshwi. Inafutwa kwa brashi kavu, basi.

"Kadi hukuisoma?" Mkurugenzi akauliza.

Fundi akanyanyua uso. Akamtazama Mkurugenzi, akamtazama Bi Kadi, kisha akarudisha macho kwenye beseni.

"Kosa ni langu, Mama."

"Zimebaki siku kumi na moja tufungue maonyesho, wewe unaniambia kosa ni lako? Vua koti la kazi. Nenda kwenu."

Akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Alipompita Bi Kadi alinong'ona tu, "Usilie mbele za watu, mama watoto." Watoto wenyewe walikuwa hawajazaliwa, hata posa ilikuwa haijaletwa, lakini ndivyo alivyozoea kumwita.

Watu walipotawanyika, Bi Kadi alikwenda kwenye rafu. Lile jiwe la chumvi lilikuwa na mwenzake, floraiti, jiwe gumu lisilodhurika na maji, yote mawili meupe kama kioo na yenye pembe za mraba. Ukiyaweka pamoja ungedhani ni mapacha. Akainua kadi iliyokuwa chini ya floraiti. Mwandiko wake mwenyewe ukamtazama: *Chumvi ya mawe. Isiguswe na maji.*

Alikuwa amezibadilisha kadi za mawe hayo mawili. Siku ya kuzipanga mkono ulikuwa kwenye kadi, sikio liko kwa shangazi yake kwenye simu, wanacheka, wanapanga vitambaa vya harusi.

Na kibaya zaidi, zamani Fundi asingekosea. Alikuwa na tabia ya kulamba kila jiwe kabla ya kuliosha, akiapa kwamba ulimi haudanganywi. Ni Bi Kadi aliyemkataza.

"Mengine yana sumu, wewe! Ukilamba jiwe tena, hiyo midomo usiilete kwangu."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, nimeacha. Kuanzia leo nafuata kadi zako tu."

Na kweli akazifuata.

Bi Kadi alisimama pale na ile kadi mkononi. Angeweza kukimbia, akamkuta bado getini. Badala yake aliichana vipande vipande, akaandika nyingine. *Floraiti.* Mwandiko safi, bila kutetemeka. Mimi hapo ndipo ninapomlaumu.

Jioni simu ilitoa mlio, ujumbe wa Fundi.

"Nimefika. Usiwaze sana. Ule chakula."

Aliandika, "Ni mimi niliyekosea." Akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akatuma: "Pole mpenzi. Mungu atafungua njia."

Alijipa sababu. Kwamba mmoja wao lazima abaki na kazi. Kwamba mambo yakipoa atasema. Siku ya nne shangazi akapiga.

"Eti kijana kafukuzwa? Na Jumamosi ya wiki ijayo wazee wake wanakuja hapa kuposa! Nitawaambia nini watu mimi? Kafanya nini?"

"Shangazi, ni mambo ya kazini tu."

"Mambo gani? Kaiba?"

"Hapana! Hajaiba."

"Basi kafanya nini? Sema, mwanangu, mimi siyo mtu baki."

Bi Kadi alifumba macho.

"Alizembea, shangazi."

Neno likamtoka hivyo, jepesi kabisa.

Siku ya ufunguzi wageni walijaa. Vito vyekundu na vya kijani viling'aa chini ya taa, watu wakipiga picha. Katikati ya kabati moja palikuwa na nafasi tupu, na Mkurugenzi akaielezea kwenye hotuba yake.

"Hapa palikuwa na jiwe adimu tuliloazimwa. Kwa bahati mbaya tulilipoteza kwa uzembe wa fundi wetu mmoja."

Wageni wakasonya. Mmoja akasema, "Watu kama hao hawafai kabisa."

"Si yeye!"

Vichwa vyote vikageuka. Bi Kadi alikuwa amesimama kando ya kabati, machozi yanamchuruzika.

"Kadi niliikosea mimi, Mama. Yeye alifuata nilichoandika. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza."

Mkurugenzi aliikunja karatasi ya hotuba. "Siku kumi na moja?"

"Siku kumi na moja, Mama."

"Kalamu niachie hapo. Kama bado unataka kazi, nenda dirisha la tiketi. Na Fundi mwambie arudi Jumatatu."

Bi Kadi hakungoja kitu. Alikwenda mbio mpaka chumbani kwa Fundi, akamkuta anapiga pasi shati.

"Umerudishwa kazini! Nimesema yote, mbele za watu! Kadi niliichanganya mimi, mpenzi wangu. Nisamehe."

Fundi aliisimamisha pasi.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kadi niliisoma, ikasema floraiti, nikaliloweka jiwe bila wasiwasi. Jiwe lilipoyeyuka nikajua nani kakosea, kadi nikaificha mfukoni. Tangu saa ile."

"Sasa kwa nini hukunitaja?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Ungesema siku ya kwanza, ningekutania tu. Siku ya tatu ningenuna, yakaisha. Hata ungenyamaza mwaka mzima, ningesema ni woga."

"Basi nisamehe, woga ulinishika!"

"Shangazi yako alimpigia mama yangu." Sauti yake haikupanda. "Akamwambia nilizembea. Mama akauliza nani kasema. Akaambiwa ni mchumba wangu mwenyewe. Mama yangu alilia mbele yangu, na mimi nikamwacha aamini hivyo, kwa sababu bado nilikuwa nakuficha."

Bi Kadi alipiga magoti. Fundi akamwinua kwa viwiko, taratibu, kama mtu anayeinua kitu cha watu.

"Wazee Jumamosi?" aliuliza, ingawa jibu alishaliona.

"Hawaji."

"Na mimi na wewe?"

Fundi akachukua pasi, akaendelea na kola.

Jumatatu asubuhi Bi Kadi alikaa kwenye dirisha la tiketi. Wafanyakazi walipita mmoja mmoja, wengine wakijifanya hawamwoni. Fundi akatokea, shati limenyooka. Akasimama dirishani, kwa adabu zake zote, kama anavyosimama kwa mtu asiyemjua.

"Habari za asubuhi, dada."

Bi Kadi alisogeza tiketi kando.

"Nzuri, kaka. Karibu ndani."