Mchunga Sufuria wa Kilima cha Kyanzou

Mvua ya Novemba ilikuwa imekaribia. Kavata alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Binti yake, Katunge, alikuwa anachagua maharagwe. Katunge haoni, lakini vidole vyake havikuacha hata kijiwe kimoja.

Nje ya jikoni, baba yake alimwagilia miche ya mukau. Baba huyo anaitwa Mulinge. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha mtaa wao, karibu na Kibwezi. Kila mwaka kikundi hupanda Kilima cha Kyanzou. Watu hutembea, huimba, hupanda miti huko juu, kisha hushuka kula pamoja. Wanapenda mukau kwa sababu haushindwi na kiangazi, na mchwa hawali mbao zake.

"Baba," Katunge aliita, "mwaka huu nataka kupanda."

"Vizuri. Nitakupa mche, upande hapo karibu na tangi."

"Hapana. Nataka kupanda kilima, halafu nipande mti. Kupanda mara mbili."

Mulinge aliweka ndoo chini. "Katunge, kule kuna mawe. Utaumia. Utakaa chini na vyombo, kama kila mwaka."

"Nimechoka kuchunga sufuria, Baba. Sufuria hazina hadithi."

Kavata alicheka kidogo. Alikumbuka Katunge akiwa mdogo, kabla ya ugonjwa kuchukua macho yake. Siku hizo alichunga mbuzi kwenye kilima hicho. Alirudi jioni na miguu imejaa vumbi, akisimulia upepo wa huko juu.

"Mjaribu kwanza," Kavata alimwambia mume wake. "Mpeleke mpaka kwenye mkondo wa maji, uone."

Mulinge alikubali. Alichukua fimbo, akampa Katunge ncha moja. Yeye alishika ncha nyingine, akatangulia. Hivyo ndivyo alivyoona wasioona wakiongozwa tangu zamani. Lakini fimbo ilivuta, ikasukuma, ikavuta tena. Katunge hakujua njia inashuka wapi. Karibu na nyumba ya jirani alijikwaa, akaanguka.

"Umeona?" Mulinge alisema kwa huzuni. "Nilikuambia."

Jirani yao, Esha, mama yake Mikail, alitoka mbio. Esha ni mwenyeji wa Mombasa. Anafanya kazi katika shule ya watoto wasioona. Aliangalia goti la Katunge, kisha akaangalia ile fimbo.

"Baba Katunge, huyu ni binti yako au ni mbuzi unampeleka mnadani?"

"Mama Mikail, sasa nimshike vipi?"

"Umemuuliza?"

Mulinge aliweka fimbo chini. Hakuwa amemuuliza.

"Katunge, mwanangu," Esha alisema, "unataka kushikwa au unataka kushika?"

"Nataka kushika," Katunge alijibu. "Nikivutwa naogopa."

"Basi shika mkono wa baba, hapa juu ya kiwiko. Wewe baba, tembea nusu hatua mbele yake. Usimvute. Mwili wako ukishuka, yeye atajua njia inashuka. Ukigeuka, atajua."

"Na mawe?"

"Una mdomo. Mwambie: jiwe, inua mguu. Njia ikiwa nyembamba, peleka mkono wako nyuma ya mgongo. Atajua akae nyuma yako. Na usiseme 'pale' ama 'huku'. Sema kulia, sema kushoto."

Walijaribu. Hatua za kwanza Mulinge alitembea kama mtu aliyebeba mayai. "Baba, tembea!" Katunge alimwambia. "Mimi si kikombe." Walifika kwenye mkondo wa maji, wakavuka, wakarudi.

"Mama Mikail, njoo nasi Jumamosi," Mulinge alisema. "Kwani wewe huwa huji kwa nini?"

"Si hiyo ni safari ya kanisa?"

"Kanisa? Ni ya mtaa wote!"

"Lakini mnatangaza kanisani peke yake. Sisi Waislamu tungejuaje?"

Mulinge alijikuna kichwa. Miaka yote alikuwa akisema kwamba watu wa msikitini hawapendi kilima.

Jioni hiyo kikundi kilikutana. Kitonga, kiongozi wa vijana, hakufurahi.

"Atatuchelewesha," alisema. "Na hii ni mwethya, kazi ya pamoja. Kwa mwethya mmoja anachimba, mwingine anapika. Katunge anachunga sufuria. Hiyo pia ni kazi."

"Ni kazi, ndiyo," Katunge alijibu. "Lakini kwa mwethya mtu huchagua kazi yake. Mimi mlinichagulia. Kitonga, uliwahi kuniuliza?"

Kitonga alitazama viatu vyake.

"Sikukuuliza," alisema.

"Basi niulize."

"Haya. Katunge, unataka kazi gani?"

"Kupanda!"

Watu walicheka. Kisha walipanga. Wanaotembea polepole wangeanza mapema. Vijana wangekata matawi ya miiba yaliyoning'inia njiani, hayo tu, si miti. Kwenye mwamba mkali wangefunga kamba ya kushika. Mzee Nyamai alikuwa ameacha kuja kwa sababu ya goti lake. Aliposikia habari ya kamba, alisema, "Hata mimi nitakuja."

Jumamosi walipanda. Katunge alishika mkono wa baba yake. "Jiwe kubwa, kushoto," Mulinge alisema. "Sasa kamba, iko mbele ya kifua chako." Nyuma yao Mzee Nyamai alihema na kuimba. Esha alikuja na mwanawe Mikail, na majirani wengine kutoka msikitini.

Ghafla upepo uligonga uso wa Katunge. Alisimama.

"Tumefika," alisema, kabla ya mtu kumwambia. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anatabasamu. "Upepo ni ule ule."

Alipiga magoti. Alipima shimo kwa kiganja, akatoa mche kwenye karatasi yake ya nailoni, akaurudishia udongo taratibu. Hakuna aliyemharakisha.

Waliposhuka, Kitonga alipiga kelele. Tumbili walikuwa wamefunua sufuria. Muthokoi ulikuwa umetapakaa kila mahali.

"Nani aliachwa na chakula?" Kavata aliuliza.

Walitazamana. Hakuna aliyeachwa.

Katunge alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa mmejua kazi niliyokuwa nafanya!"

Siku hiyo walikula mahamri ya Esha, kwa sababu mkebe wake ulikuwa na kifuniko kigumu. Kila mmoja alipata nusu. Yalikuwa matamu.

Siku hizi tangazo la safari hutolewa kanisani, msikitini na sokoni. Kila mtu hubeba chakula chake mpaka juu. Kamba iko pale pale kwenye mwamba. Wakati wa mvua ya Novemba iliyofuata, Katunge alipanda tena na baba yake. Aliunyooshea mkono mti wake, akatafuta ncha yake. Ilikuwa juu ya kichwa chake.

"Baba," alisema, "hata wewe hujaufikia kwa urefu."