Mwandishi Aliyekuja Kusaini

Vitabu vilipofika, vilikuwa vimeshasainiwa.

Kilo alifungua boksi la kwanza akiwa ofisini kwake, mlango ameutia komeo kama mtu anayefungua mzigo wa magendo. Alichomoa nakala moja, akafunua ukurasa wa kwanza, na pale chini ya jina la kitabu, Mvua Ilipotukuta, palikuwa na saini ya wino wa zambarau. Akachomoa nyingine, nayo hivyo hivyo. Akapekua mpaka chini ya boksi. Kila nakala ilikuwa na saini ile ile ya mwandiko uliolala, na alipopitisha kidole juu yake wino ulimchafua, ulikuwa bado mbichi. Tena vilinuka. Haikuwa ile harufu ya gundi na karatasi mpya. Ilikuwa harufu ya maua yaliyosahauliwa ndani ya maji, tamu, na kwa mbali imeoza.

Yeye hakuwa amesaini hata kimoja. Asingeweza, maana jina lililokuwa kwenye jalada halikuwa lake.

Kilo alikuwa afisa vipimo wa manispaa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni akikagua mizani, na lakabu hiyo alipewa na wauza nyama, ambao walimwogopa kuliko walivyoogopa nyama kulala. Akikukuta na jiwe la mizani lililochongwa, lia machozi ya damu, faini utalipa. Mtu wa uso mkavu na maneno ya kuhesabu. Na mtu huyo huyo, kila jioni wenzake wakishaondoka, alibaki akiandika mapenzi kwenye kompyuta ya ofisi, fundi saa anampenda muuguzi, machozi yakimlengalenga yeye mwenyewe.

Cheka, lakini kidogo. Alikiogopa kicheko hicho kuliko kifo, na ndicho kilichomponza.

Kwa sababu maneno yote matamu aliyomtia mdomoni yule fundi saa yalikuwa ya mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, akishonea hapo hapo nyumbani, na kwa miaka yote ya ndoa yao Kilo alikuwa akimtazama kwa kuibia: akichana nywele, akitunga uzi, akikunja nguo. Kila neno lililomjia alilimeza. Wazazi wake walimlea hivyo, mwanamume habembelezi. Maneno yakajaa, yakatafuta pa kutokea, yakatokea kwenye kitabu. Akadunduliza mshahara, akampelekea mchapaji wa mtaa wa pili, akakitoa mwenyewe bila kumwambia mtu.

"Bosi, jalada linataka jina la mwandishi," mchapaji alimwambia siku ile. "Nitie lako?"

"Una wazimu? Tia la mwanamke. Lolote."

"Mwanamke gani?"

"Asiyekuwepo."

Mchapaji akabuni moja palepale, jina zuri la kutamkika. Sitaliandika hapa. Lilishaandikwa vya kutosha.

Sasa Kilo alimpigia simu, sauti ameibana. "Nani amesaini vitabu vyangu?"

"Si mwandishi mwenyewe?" Mchapaji akacheka. "Kumbe yupo, bosi! Ukanidanganya ati hayupo. Alikuja jana nikiwa nafunga, kajifunika ushungi mpaka machoni. Akasema, 'Nimefuata kazi yangu.' Mimi nikajua umemtuma. Akakaa pale kwenye mashine ya kukatia karatasi, akaanza kusaini."

"Vyote?"

"Vyote. Umeme ukakatika, naye hakusimama. Nimesimama gizani naisikia kalamu yake inakwaruza tu, kwaru, kwaru." Mchapaji akashusha sauti, kicheko kimekwisha. "Bosi, usinifikirie vibaya. Ile sauti yake..."

"Imefanyaje?"

"Ilikuwa yako."

Kilo alikata simu. Akajiambia mchapaji kalewa. Mtu mwenye haya hupenda sana maelezo ya aina hiyo.

Mchapaji alikisambaza, na kitabu kiliuzika. Maduka ya vifaa vya shule yalikiweka, saluni zikakiweka, na saluni moja ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe. Jumapili moja shemeji huyo alikuja kula nao chakula cha mchana, kitabu kimetuna mkobani mwake.

"Dada, huyu mwanamke kaandika! Nimelia mpaka wateja wakaniuliza kafa nani."

Mkewe Kilo akasema amekwisha kukisoma. Alikichukua kitabu, akafunua bila kutafuta sana, akasoma kwa sauti, taratibu, "'Nikikuona unakunja nguo, nasahau nilichokuja kutafuta chumbani.'" Kisha akainua macho, akamtazama mumewe. "Hivi wapo wanaume wanaosema hivi?"

Kilo alihisi masikio yakimwaka. Hapo ndipo. Angesema neno moja tu hapo, hata kwa kukohoa, mimi nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini shemeji alikuwa anamtazama, midomo tayari kwa kicheko.

"Takataka," alisema. "Huyo ni mwanamke asiye na mume, anajiliwaza. Mambo hayo mimi hayanihusu kabisa."

Mlango wa chumba cha kulala ukafunguka. Haukusukumwa na upepo, maana hapakuwa na upepo. Ulifunguka polepole mpaka mwisho, kama unavyofunguliwa na mtu aliyekuwa anangoja ruhusa, na harufu ya maua yaliyooza ikatoka ikaja mpaka mezani.

"Mmefuga nini humo?" shemeji akauliza, mkono puani.

Mkewe alikifunga kitabu, akakiweka mapajani.

Tangu siku hiyo nyumba ilianza kuwa na mtu. Usiku, Kilo akigeuka kitandani, alisikia kalamu ikikwaruza mahali fulani kati ya kitanda na ukuta, na akizuia pumzi ili asikie vizuri, nayo ilizuia. Kikombe chake cha chai alikikuta kimenywewa nusu kabla hajakigusa. Maboksi yaliyobaki, aliyokuwa ameyaficha uvunguni, aliyahamisha akayatupa stoo ya ofisi chini ya mizani mbovu, harufu ikabaki nyumbani. Na mkewe alibadilika. Aliacha kumuuliza atarudi saa ngapi. Alianza kuimba chinichini akishona, na kuna wakati aliimba kisha akanyamaza, kichwa kakiinamisha upande, kama anayesikiliza wimbo wake ukipokewa.

Halafu ikaja mvua. Soko lilijaa maji mchana, wauzaji wakatawanyika, naye Kilo akarudi nyumbani mapema, viatu mkononi. Akiwa ukumbini alisikia cherehani ikienda, kisha ikasimama. Kisha nyayo za mkewe kwenda chumbani. Kisha sauti ya mwanamume.

"Kaa hivyo hivyo, usigeuke. Kuna nuru imekaa begani kwako, nataka niizoee."

Alikuwa anaijua sentensi hiyo kwa sababu alikuwa ameifuta na kuiandika upya jioni nzima, na alikuwa anaijua sauti hiyo kwa sababu ilikuwa ikitoka kifuani mwake tangu alipobalehe, ila hakuwahi kuisikia ikiwa laini namna ile, na wakati miguu yake ikimwambia kimbia, kitu kingine, wivu au aibu au vyote viwili vikiwa vimeshikana mikono, kilimsogeza hatua kwa hatua kwenye ufa wa mlango, maji yakimchuruzika kutoka suruali hadi sakafuni, hata akaweka jicho, akamwona mkewe ameketi kitandani amempa mgongo, shati la mtoto wa shule mapajani, na mbele yake hapana mtu, na pembeni yake hapana mtu, lakini godoro hapo pembeni lilikuwa limebonyea, na Kilo, ambaye kupima ndiyo kazi iliyomlisha, alikadiria kwa jicho uzito uliolikalia akaona ni wake mwenyewe, bila kuzidi wala kupungua.

Mkewe alicheka. Kicheko hicho alikuwa hajakisikia tangu enzi za uchumba.

Sauti ikakatika. Ikasema, kwa upole wa mwenye nyumba, "Kuna mtu mlangoni."

"Hakuna mtu," mkewe akasema bila kugeuka. "Ni mvua tu."

Kilo alitoka na viatu vyake mkononi, akatembea peku mjini kama mwehu.

Mganga aliyeelekezwa kwake alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, chumba chake kiko nyuma ya duka la matairi. Alikuwa anatafuna karanga. Kilo alianza kwa kuzunguka mbuyu, rafiki yangu mmoja hivi, mpaka yule mama akamwonyesha mlango kwa kidole, ndipo akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka: nimeandika kitabu cha mapenzi. Jasho lilimtoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mganga hakucheka, na kule kutocheka kulimuaibisha zaidi.

"Hukulogwa," mama akasema. "Umejenga nyumba, ukatia taa, ukaacha mlango wazi, halafu ukasimama mbele ya watu ukatangaza si yako. Ungekuwa jini, ungeipita?"

"Nichome vitabu?"

"Vimeshasomwa. Utachoma na vichwa vya watu?" Alikung'uta maganda ya karanga kwenye sketi. "Nenda kwa mkeo kungali mchana. Mwambie kazi ni yako. Kisha mwambie neno moja, kwa mdomo wako, ukimtazama. Lisiwe la kitabuni. Hayo ya kitabuni yameshapata mwenyewe."

"Neno moja tu?"

"Moja. Jini litatoka lenyewe kama lilivyoingia, halina pa kukaa."

"Na nikishindwa?"

"Mficha uchi hazai, baba. Ukishindwa, mgeni humo ndani ni wewe."

Alimkuta mkewe kwenye cherehani, anapinda mkono wa shati. Mvua ilikuwa imekatika na jua linaingia dirishani. Kilo alisimama katikati ya ukumbi kama mtuhumiwa.

"Kile kitabu," akasema. "Ni changu. Nimekiandika mimi."

Cherehani ikasimama.

"Najua."

"Unajua?"

"Nani mwingine duniani anajua kwamba naanza kukunja nguo kwa mkono wa kushoto?" Alikuwa hamtazami. "Nilijua tangu ukurasa wa pili. Nikafurahi, nikakaa nikingoja uniambie. Ukanyamaza. Nikakusomea mezani, nikakuachia nafasi. Ukaniita takataka."

"Nilisema kitabu..."

"Kitabu ni mimi."

Kilo alihisi aibu ikimvaa kuanzia utosini. Ilimbidi aseme la pili kabla halijamshinda. "Na yule wa chumbani. Yule si mimi."

"Nilijua si wewe," mkewe akasema. "Tangu siku ya kwanza. Wewe huniita mama watoto, na watoto wenyewe wameshaoa. Lile liliniita kwa jina langu."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka meno yakagongana. Nikalia. Halafu likaniuliza kwa nini nalia." Sasa alimtazama. "Wewe ulishawahi kuuliza?"

Hakuwahi. Angepewa nafasi ya kuapa, asingeapa.

"Mganga amesema nikuambie neno moja," alisema kwa unyonge. "Nikisema, lile la chumbani litaondoka."

Mkewe aligeuza kiti chote. Aliweka mikono mapajani, akakaa wima, na usoni mwake likaja jambo ambalo Kilo hakulitarajia na hakustahili: matumaini. Baada ya yote hayo alikuwa bado anamtaka yeye, huyu mkavu, wa nyama na jasho.

"Haya," mkewe akasema taratibu. "Nakusikiliza."

Neno alikuwa nalo. Lilikuwa fupi, jipya, halijawahi kuandikwa, na kilichotakiwa ni alitangulize kwa jina la mkewe, basi, mengine yangefuata yenyewe. Alifungua kinywa. Akawaona wauza nyama wakigongeana viganja. Akamwona shemeji akishika mbavu, akamwona baba yake, marehemu, akigeuza uso pembeni kwa kumwonea soni. Damu ikampanda masikioni. Mkewe aliinama mbele kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto kutembea.

"Hizo sare," Kilo akasema. "Zinatakiwa lini?"

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Jumatatu," akajibu.

Akainuka, akachukua shati aliloacha kulipinda, akaenda nalo chumbani. Kilo alibaki amesimama, neno limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alisikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani. Kisha, yeye akiwa amefumba midomo, akasikia sauti yake mwenyewe, isiyo na haraka wala haya, ikimwita mkewe kwa jina.

"Abee," mkewe akaitika.